Hatuulizi: Sufuria ya Mama Bupe Yaenda Idodi

Jamani, tangu nirudi cherehani yangu haijapata kazi ya maana. Kila anayeleta gauni la kupunguza kiuno anakaa kwenye benchi, anakunja miguu, anasema, "Tumpe, hebu tuambie." Nimeisimulia safari hii vipande vipande, huyu nikampa cha Makambako, yule cha Iringa, na sasa nasikia huko sokoni mmeviunga vibaya mpaka ati tulikamatwa kwa magendo na Mzee Anyosisye akalia. Mzee hakulia. Basi leo nimefunika cherehani, naandika yote kwa mpangilio, na asiyejua kusoma asomewe.

Kwanza mnajua ugonjwa wangu: mimi nikiogopa nacheka. Siyo ujeuri, ndivyo nilivyoumbwa. Kwenye msiba wa baba mdogo walinitoa nje wakanikalisha na mbuzi. Safari hii niliogopa tangu Mbeya mpaka Idodi, kwa hiyo nilicheka tangu Mbeya mpaka Idodi, na mbavu bado zinauma.

Sababu ya woga ni mdogo wangu Atupele. Mnamkumbuka, yule mwenye mwanya, aliyeolewa na Mhehe kibarua wa reli mpya. Kazi ya reli ilipopungua mume akamchukua kwao Idodi wakalime. Habari ya mwisho niliyoipata ni kwamba ana mimba na miguu imevimba. Halafu mvua zikanyesha, tukasikia mto umeingia Idodi, nyumba zimekwenda, maghala yamekwenda. Baada ya hapo kimya. Niliposikia Chama cha Sufuria kinapeleka chakula huko, nilikwenda kwa Mama Bupe mbio, futi ingali shingoni.

Mama Bupe alinisikiliza huku anachambua maharage. "Utakuja," akasema, "lakini hutamtafuta. Utapakua mpaka sufuria ionekane chini. Ukianza na ndugu yako, wa nyuma atajua chakula hiki kina wenyewe. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nilikuwa nacheka, kwa hiyo alinitazama kwa mashaka.

Mbeya mpaka Chimala

Tuliondoka alfajiri, baridi ile ya Mbeya inayouma masikio. Mama Bupe alikaa mbele na dereva, Mgaya, Mhehe wa Iringa aliyeoa kwetu, kwa sababu Mama Bupe akikaa nyuma ya lori anatapika. Nyuma tulikuwa mimi na Mzee Anyosisye juu ya magunia ya mahindi na maharage, na katikati yetu sufuria yenyewe, imefunikwa kifudifudi, kubwa kiasi cha kuogeshea ndama. Mzee ndiye mwenyekiti wetu. Alikuwa karani wa mahakama, ameuliza watu maswali maisha yake yote, na sasa ameokoka.

Wengine wenu mnadhani chama hiki kilianzia ofisini, kwenye meza yenye kitambaa. Kilianzia kwenye genge la supu. Ni ule mwaka mlima ulipoporomoka ukafunga barabara ya Tukuyu, abiria wakakwama Mbeya wakilala kwenye vibaraza vya maduka. Watu wema walijitokeza, nisiwasingizie. Lakini kila mwema alikuja na swali lake. Huyu ana mikate, anauliza unasali wapi. Yule ana uji, anauliza wewe mwenyeji wa wapi. Wa tatu ana viazi, anataka kujua kwanza baba yako nani. Kulikuwa na babu mmoja aliyekunywa chai asubuhi akiwa Mlutheri, mchana akala akiwa Mkatoliki, na jua linazama tukamkuta anaazima kanzu. Tulicheka, lakini nyuma yake alikuwapo mama mmoja mgeni ambaye Kiswahili kilimpiga chenga. Kila akiulizwa hakuelewa, na kila asipoelewa alisukumwa pembeni, mpaka akaanguka na mtoto mgongoni, mbele ya genge la Mama Bupe.

Mama Bupe alikuwa na supu ya biashara jikoni. Alitoa sufuria nzima, akaiweka barabarani, akamkabidhi Mzee Anyosisye upawa, maana ndiye aliyekuwa karibu akisubiri chapati yake. Mzee akafungua mdomo kwa mazoea ya mahakama: "Jina lako nani?" Mama Bupe akamkata: "Pakua. Hatuulizi."

Basi chama kikaanza hapo, na katiba yetu ikawa maneno matatu: hatuulizi, hatuchagui, hatusimangi. La kwanza mmelisikia. La pili ni kwamba upawa wa mkubwa na upawa wa mdogo ni mmoja, wa ndugu na wa mgeni ni mmoja. La tatu mnalijua kuliko mimi, maana nani hapa hajalishwa na shangazi halafu akatangaziwa mtaa mzima? Ndiyo maana mpakuaji anatazama sahani, hatazami uso. Mtu aliyezoea kula kwake akipanga foleni anaona aibu, na macho ya watu yanamzidishia.

Haya yote mazuri. Tatizo ni kwamba Mzee Anyosisye, akipewa neno moja, hulifuata mpaka uvunguni.

"Tumpe," akaniambia tulipopita Igurusi, "nikikuambia 'habari za nyumbani', nimefanya nini?"

"Umenisalimia, Mzee."

"Nimekuuliza. Hilo ni swali. Sasa fikiri, mtu nyumba yake imekwenda na maji, wewe unafika unamwuliza habari za nyumbani. Ajibu nini? Nzuri?"

Hapo alinimaliza. Na kusema kweli hata sasa naona alikuwa na hoja. Akaendelea: hujambo ni swali, hamjambo ni swali, u hali gani ndiyo swali lenyewe bila hata nguo. Nikamtajia "ugonile" ya kwetu. Akasema hiyo ndiyo mbaya kabisa, unamwuliza mtu kama amelala, na kitanda chake kiko mtoni. Shikamoo aliipitisha, kwa kuwa haiulizi kitu, lakini wenye haki ya kutuamkia ni wadogo zetu, siyo sisi tuwaamkie watoto. Tulizipitia salamu zote za nchi hii juu ya magunia yale, tukazikataa moja moja, mwisho tukabaki na kukohoa. Mama Bupe huko mbele hakusikia hata neno, na mimi nilicheka mpaka nikajigonga kichwa kwenye sufuria.

Chimala tukapata pancha. Mgaya aliingia chini ya lori akawa anazungumza nalo kwa Kihehe, na sisi tukakaa kwenye nyasi. Ndipo likapita kundi la ng'ombe kubwa ajabu, na nyuma yake mzee wa Kisukuma mwenye fimbo na koti la mvua, mmoja wa wale waliohamia Usangu na mifugo yao. Alituona, akarudi kwake, akaleta kibuyu cha maziwa mgando. Akatupa bila neno. Tukanywa, na maziwa yalikuwa mazito mpaka unayatafuna.

Akangoja. Sisi kimya, maana Mzee alikuwa ameshanikanyaga mguu kuwa mazoezi yameanza. Akangoja tena. Mwisho akasema, pole pole, kwa upole wote: "Mmekunywa maziwa yangu na hamniulizi hata jina?"

Mzee akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Bupe, aliyekuwa amelala kidogo mle ndani, akachungulia dirishani akamshukuru, akamwuliza za watoto, za ng'ombe, za malisho, za huko alikotoka, na yule mzee akachangamka akaeleza kila ng'ombe na ukoo wake. Mzee Anyosisye akaninong'oneza kuwa huyu hana njaa, kwa hiyo anaruhusiwa kuulizwa. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Makambako

Mgaya alisema tutakula Makambako, na kweli Makambako chakula kililiwa, ila siyo na sisi.

Pale barabarani palilazwa mti wa kuzuia magari, na kando yake alisimama mgambo mmoja, kofia kubwa kuliko kichwa. Alipanda nyuma akagonga magunia kwa rungu. Siku zile gunia lolote lilitazamwa kwa jicho la magendo, hamhitaji kuambiwa.

"Ndugu, mnapeleka wapi mahindi haya?"

"Kwa wenye njaa," akajibu Mzee.

"Wenye njaa gani?"

"Hatuulizi."

"Wa nani? Wana kiongozi? Wa kijiji gani, kabila gani?"

"Hatuulizi, ndugu."

Mgambo akanitazama mimi. Mimi nacheka machozi yananitoka. Akamtazama tena Mzee. "Kwa hiyo mtu yeyote akiwaambia ana njaa mnampa tu."

"Ndiyo katiba."

Akakaa juu ya gunia, akavua kofia, akasema, "Basi mimi nina njaa."

Jamani, mngemwona Mzee. Ukimwuliza mtu kama kweli ana njaa, umeuliza. Ukimkatalia kwa kuwa ni mgambo, umechagua. Ukimpa huku unanung'unika, umesimanga. Katiba yote ilimkamata shingoni. Akashuka kwenda kumwona Mama Bupe, wakabishana kando ya tairi, na mimi nilisikia kila kitu.

"Hiyo siyo njaa, Mama Bupe. Hiyo ni hamu ya chakula cha mchana."

"Wewe umeijuaje? Umeingia tumboni?"

"Tukimpa huyu, tutawanyima wa Idodi."

Hilo lilimgusa. Akashika kiuno. Halafu akasema neno ambalo nataka mlishike, kwa kuwa sasa limeongezwa kwenye katiba: mwenye njaa ya leo anapewa, ila mwenye njaa ya jana anatangulia. "Mpe viazi vyetu sisi," akamwambia Mzee. "Vile vya njiani. Magunia ni ya watu wa jana."

Basi mgambo akala viazi vyetu vya kuchemsha, na karanga zetu, na basi la abiria lililokuwa limezuiwa nyuma yetu nalo likashusha watu kutazama, na wawili watatu wakasema na wao wana njaa. Viazi vikaisha. Mgambo alikuwa wa kwanza kuona haya. Aliinua mti mwenyewe, akatuletea mahindi ya kuchoma kutoka kwa mkewe, akasema huku anamtazama Mzee, "Nami siwaulizi." Tulikula mahindi yale njia nzima mpaka Mafinga, kwenye ile baridi ya misonobari, na yalikuwa matamu.

Iringa

Iringa tulipokewa na nyumba mbili. Walutheri walikuwa wametuandalia chumba na ugali kwa majani ya maboga, na masista wa Kikatoliki, bila kujua, walikuwa wametuandalia chumba na wali kwa maharage. Wote walikuwa wamesimama kwenye geti zao wanatungojea, na geti zenyewe zinatazamana.

"Hatuchagui," akasema Mzee kwa uchungu, maana aliona mwisho wake.

Tukala ugali. Tukavuka barabara. Tukala wali. Sista mmoja mnene mwenye huruma akasema mbona mnakula kama ndege, mmesafiri mbali, akatuongeza. Mzee alikuwa anatafuna macho yamefumba. Mama Bupe peke yake alikula kote bila taabu, akasema huo ndio umoja wa makanisa.

Hapo Iringa ndipo nilipokoma kucheka kwa muda. Masista walisema watu wa Idodi wamepanda kwenye shule iliyo mwinuko, wanalala madarasani, na kwamba wapo ambao hawakuwahi kupanda. Walisema hivyo tu, huku wanatoa sahani. Nilitaka kumshika sista mkono nimwulize, ni kina nani, kuna mwanamke mwenye mwanya, ana mimba, anaitwa Atupele. Mama Bupe aliniwekea mkono begani, siyo kwa nguvu.

"Hata ukiuliza," akasema, "yeye hajui majina. Atakisia tu, na utabeba makisio yake njia nzima."

Nilimchukia wakati ule, nawaambia kweli. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya tangi la maji, halafu nikaona kinyesi cha kuku kwenye kiatu changu kipya, nikaanza kucheka tena, mpaka sista akatoka kuuliza kama nina degedege.

Asubuhi Mgaya hakuonekana. Alikuwa kwao, na kwao wana ulanzi. Mnajua ulanzi, mianzi inagemwa, kinywaji kinachacha chenyewe kama vile kina haraka. Tulimkuta amekaa na wajomba zake ameshika kikombe, anasema anakunywa cha kwanza. Wajomba wakasema ni kweli, ni cha kwanza cha leo. Mama Bupe alimwamuru aoge maji ya baridi, na tukangoja jua lipande mpaka macho yake yakawa mawili tena. Mimi nilizunguka lile lori kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Idodi

Kutoka Iringa unashuka. Tulipita Kalenga, barabara ikawa udongo, baridi ikabaki nyuma na joto likatukumba. Kila kijito kilikuwa kimejaa. Mara mbili tulishuka tukasukuma, na kwenye tope la mwisho Mama Bupe alisukuma kwa bidii mpaka kizunguzungu kikamshika. Basi tulipofika shuleni, Mgaya alimkalisha kivulini kwa lori, akammwagia maji kichwani, na tulioshuka kwenda kwa watu tulikuwa mimi na Mzee Anyosisye peke yetu.

Watu walikuwa wengi. Wamekaa kwenye vibaraza vya madarasa, akina mama na watoto, wazee na mablanketi yenye matope. Wote wakageuka kututazama. Na sisi, mbele ya umati huo, tukapita kimya. Hakuna hamjambo, hakuna poleni na maafa, maana "poleni" Mzee alihofia itafuatiwa na swali. Tulikohoa. Tukateremsha sufuria. Tukapanga mafiga. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho chini kama nilivyoapa, na kila kanga niliyoiona pembeni mwa jicho nikadhani ni yake.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale, na hata kwetu ukifikiri, mgeni anayeingia nyumbani kwa watu bila salamu ni yule aliyebeba habari ya kifo. Anapita kimya mpaka amfikie mwenyewe. Nao walikuwa na ndugu zao waliochukuliwa na mto, wasiojulikana walipo. Wakatuona, watu wawili wa mbali, wamenyamaza, wamebeba chombo kikubwa kilichofunikwa.

Bibi mmoja alisimama. Akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Mmempata nani?"

Mzee akakohoa.

Basi ndiyo kikawa kilio. Kilianzia kibarazani, kikaingia madarasani, wanawake wakashika vichwa, wanaume wakasimama na kofia mikononi, na mtu mmoja akakimbia kwenda kuita wengine walioko mashambani. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Niliogopa vile sijawahi kuogopa. Nilikaa chini nyuma ya sufuria, kanga mdomoni, nacheka na kulia, na Mzee Anyosisye kando yangu anasema, "Tumpe, tumefanya nini, tumefanya nini?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu Igurusi.

Mama Bupe alikuja anayumbayumba, nguo zinadondosha maji. Aliwatazama watu wanaolia, akatutazama sisi. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Hamkuwasalimia?"

"Salamu ni swali," akasema Mzee.

"Mzee Anyosisye. Salamu siyo swali. Salamu ni kubisha hodi." Hakusema zaidi. Alikwenda kwa yule bibi aliyesimama, akapiga goti, akamshika mikono miwili, akasema, "Kamwene." Salamu hiyo Mgaya alikuwa amemfundisha njiani mbele kule, wakati sisi nyuma tunazifuta za nchi nzima. Bibi akaitika huku analia. Mama Bupe akamwambia hatukubeba maiti, tumebeba maharage. Akaenda kwa wa pili, kamwene. Wa tatu. Alizunguka vibaraza vyote, mzee kwa mtoto, na nyuma yake Mzee Anyosisye naye amevua kofia anasema kamwene, kamwene, kwa lafudhi ya Kinyakyusa iliyowafanya watoto waanze kumwiga. Kilio kikageuka minong'ono, minong'ono ikageuka vicheko, na mtu mmoja akasema kumbe hawa wa Mbeya ni wapole tu, wamelogwa na safari. Nilipona.

Makande yalichemka mpaka alasiri. Mama Bupe alinipa upawa, akaniambia neno moja, "Sahani," yaani nitazame sahani. Foleni ikaanza.

Nataka muelewe ilivyokuwa. Sahani inakuja mbele yangu, ya bati, ya udongo, kipande cha kibuyu, hata kifuniko. Napakua upawa mmoja. Mtu anasema asante au shikamoo, naitika marahaba, sogea, inakuja nyingine. Niliona mikono. Mikono ya wazee, mikono yenye pete, mkono uliofungwa kitambaa. Kila mkono wa mwanamke kijana niliutafuta alama, nikakumbuka kwamba mdogo wangu hana alama yoyote mkononi, na nikamlaumu mama kwa kutomwunguza hata kidogo. Chini ya sufuria hapakuonekana. Nilitamani kuimwaga. Nilijiambia, upawa huu, na huu, na huu, na kila mmoja ulinisogeza karibu na wakati wa kuuliza, na kusema kweli nilianza kuuogopa wakati huo kuliko foleni.

"Shikamoo," ikasema sauti iliyokauka kwa mafua.

"Marahaba. Sogea."

Sahani haikusogea.

"Nisogee niende wapi, dada Tumpe?"

Nikainua macho. Alikuwa amekonda, amefunga kanga ya mtu mwingine, na mwanya uko palepale. Nilikuwa nimeshampakulia upawa mmoja, sawa na wa kila mtu, na alikuwa anautazama upawa huo kama anaudai mwenzake.

Kiuno chake kilikuwa chembamba. Mgongoni hapakuwa na mtoto. Nyuma yake watu walikuwa wanangoja na sahani zao, na mimi nilikuwa nimeapa.

Atupele alinijua. Hakungoja niulize. Alisogea hatua moja pembeni ili wa nyuma apite, akaanza kula kwa vidole, na huku mimi napakua, akanipa habari zake sahani kwa sahani. Nyumba imekwenda. Nikapakua. Mume yupo, mguu umevunjika, yuko darasa la mwisho. Nikapakua. Mahindi yamekwenda yote, mbuzi mmoja alirudi mwenyewe. Nikapakua, makande yanamwagika kwenye vidole vya mzee wa watu. Halafu akatafuna, nami nikadhani lililobaki ndilo asiloweza kulisema.

"Na mtoto," akasema, "umeshampa."

Nikamtazama.

"Yule bibi aliyepita mbele yangu, mama mkwe. Yuko mgongoni kwake. Wa kike. Tulipanda naye huku ana wiki moja. Umewapakulia, dada, hukutazama."

Sikumbuki kuweka upawa. Mama Bupe anasema niliuachia ukazama kwenye makande, akautoa kwa mkono huku anaungua, na Atupele mwenyewe akaushika akaendelea kupakua, sahani yake kwapani. Mimi nilikuwa tayari nakimbia, naruka miguu ya watu, nacheka kwa sauti mpaka watoto wakaanza kunifuata. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kibaraza, amemweka mtoto mapajani, anapoza makande ya kwake kwa kupuliza.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe nawe ni nani?"

"Kamwene, mama," nikasema, nikapiga goti kwenye tope. "Mimi ni mama yake mkubwa."

Bibi akamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. "Basi mpokee," akasema, "nami nile kabla hayajapoa kabisa."